Kadi na tegi za zawadi za kutengeneza kwa mkono: kabla hujanunua mashine, pita hapa

BiMihuri (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za wikiendi. Wiki hii nimepigiwa simu na watu watatu tofauti, swali lile lile: "Dada, ile mashine yako ya kukatia maua ya kadi umeipata wapi, na mimi nianze." Nikaona badala ya kumaliza vocha, bora nifungue uzi.

Jibu fupi: usinunue. Bado.

Natengeneza kadi na tegi za zawadi, vile vikadi vidogo vya kufunga kwenye zawadi, hapa Tabata, huu mwaka wa sita. Mimi mwenyewe nilianza na mashine. Dada yangu aliniletea kwenye begi akitoka Uingereza, ile ya kuzungusha mpini, ina roli mbili za chuma, ukiiona unaweza kudhani mashine ya juisi ya miwa imezaa. Unaweka sahani ya plastiki ngumu, juu yake dai, yaani bati la chuma jembamba lenye makali yaliyofuata umbo la ua au duara, makali yakitazama juu. Halafu karatasi, halafu sahani ya pili. Unazungusha, inalia kak-kak-kak kama inavunjika, na upande wa pili linatoka ua limekatika safi kabisa. Siku ya kwanza nilikata mpaka saa nane usiku. Mume wangu akaamka akauliza haya maua yote ni msiba wa nani.

Baada ya mwezi nilikuwa na ndoo nzima ya maua na sina kadi hata moja ya kuuza. Manila niliyonunua ilikuwa nyepesi, kadi ukiisimamisha mezani inainama. Wino ulikuwa wa pedi ya ofisini, ile zambarau. Nikampelekea mteja wa kwanza kadi ya "Hongera", akaigeuza geuza akasema, "Nzuri, ila imefanana na barua ya serikali ya mtaa."

Hapo nikajifunza kwamba mashine inakata tu. Kadi ni karatasi na wino.

Karatasi kwanza. Kadi inataka karatasi ya gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba, isiyong'aa. A4 moja ikate katikati, kila nusu uikunje, umepata kadi mbili za sentimita 10.5 kwa 14.8, na bahasha yake ni C6 (11.4 kwa 16.2), huhangaiki kukata bahasha. Kabla ya kukunja, jua nyuzi za karatasi zinalala upande gani. Ipinde kidogo kwa urefu bila kuivunja, kisha kwa upana. Kule inakokubali kwa ulaini ndiko nyuzi zinakolala, na mkunjo uzifuate. Ukizikatiza, mgongo wa kadi unapasuka unaonyesha manyoya. Na usikunje kavu kavu: pitisha kwanza rula na kalamu ya bic iliyoisha wino, utie mfereji, ndipo ukunje.

Wino sasa. Hapa nimelia. Nilipata oda ya tegi 150 za kufunga kwenye vichupa vya asali ya Tabora, zawadi za wageni kwenye send-off. Nikasema safari hii sifanyi mchezo, nikanunua wino mzito wa dhahabu na karatasi ya kung'aa. Nikapiga muhuri zote usiku mmoja, zinapendeza mpaka nikazipiga picha. Baada ya saa moja nikagusa kwa kidole, kama zimekauka. Nikazipanga kwenye boksi la viatu moja juu ya nyingine. Ilikuwa Aprili, mvua za masika, nguo zenyewe zilikuwa na siku tatu kambani. Asubuhi nafungua boksi: kila tegi ina "Asante" mbele, na nyuma ina kivuli cha "Asante" ya mwenzake, kimegeuka, kimepakaa. Nzima zilikuwa 22.

Ule wino mzito hauingii ndani ya karatasi, unakaa juu kama rangi ya ukutani. Kwenye karatasi ya kung'aa hauna pa kunywewa, na hewa yenye unyevu haiukaushi. Wino mwepesi unaoingia ndani unakauka ndani ya dakika chache kwenye manila ya kawaida, ila nao una dosari yake: ukiacha kadi dirishani jua linaipausha. Ukitaka dhahabu kweli, piga wino mzito, nyunyiza unga wa embosi ukiwa bado mbichi, kung'uta uliozidi, kisha upashe moto mpaka unga uyeyuke na kung'aa. Drai ya nywele haifai, inapeperusha unga kabla haujayeyuka. Mimi sina ile bunduki ya hewa ya moto. Nashika kadi kwa kibanio juu ya jiko la umeme, uso ukiwa juu, na sitoi macho. Ukiona moshi umechelewa.

Muhuri wenyewe uchonge. Ufutio mkubwa mweupe na kile kisu chembamba cha kubadilisha makali. Chora kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, lalisha mchoro kifudifudi juu ya ufutio, sugua kwa mgongo wa kijiko. Mchoro unahamia ukiwa umegeuka, na ndivyo tunavyotaka. Chonga pale pasipo na penseli. Basi.

Mashine nimeirudia mwaka wa tatu, na sasa inanilipa. Ila kama una laki mbili leo, nunua karatasi nzuri, pedi mbili za wino, kisu na ufutio. Chenji irudi benki. Karibuni.

---

Mdaiwa Sugu

Nimeona neno dai kwenye uzi nikataka kukimbia.

---

Shangazi wa Tegeta

Naweka kambi. Madini haya.

---

FundiBox

BiMihuri salute. Mimi niko kwenye uchapaji miaka 14, maboksi ya dawa na ya keki. Sisi dai yetu ni kubwa, ubao wa plaiwudi umekatwa mfereji wa umbo, ndani yake imepigwa blade ya chuma ya kimo cha milimita 23.8. Pembeni ya blade tunabandika sponji, maana karatasi ikishakatwa inang'ang'ania humo, sponji ndiyo inaisukuma itoke. Na palipo na mkunjo hatuweki blade, tunaweka chuma butu, tunaita krizi. Huo mfereji wako wa kalamu ya bic ndiyo krizi yenyewe.

Ninachotaka kuongeza: mtu mwenye oda ya tegi 1,000 za umbo moja asijichoshe na mpini wa nyumbani. Apeleke kwa mwenye mashine ya kuchapa ya Heidelberg ya zamani, zile za mikono inayopepea kama feni. Dai inatengenezwa mara moja, inabaki yako, ukirudi mwakani unalipia kupiga tu. Kwa tegi 50 haikulipi, dai peke yake itameza faida.

Na za nyumbani: sahani zikianza kupinda kama kaukau, zigeuze kila unapokata, leo uso huu juu kesho ule. Kama dai haikati katikati lakini pembeni inakata, usizidishe nguvu, utavunja gia. Weka karatasi moja ya kawaida chini ya sahani, jaribu, ongeza ya pili. Mara nyingi moja inatosha.

---

Mwana wa Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Bi Mihuri, umesema ya karatasi na wino, lakini la umbo hujaligusa, nami ndilo lanisumbua. Kadi nyingi nionazo madukani zina waridi na tepe, hazina kwao. Sisi twaijua kadi tangu zamani, tumejifunga nayo kiunoni: leso, nyie mwaita kanga.

Itazame leso. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na chini ya mji pana jina. Basi ndiyo kadi hiyo! Mimi nachonga korosho moja ndogo, ya sentimita mbili, nazunguka nayo ukingoni pembe hadi pembe, mkia wa hii waelekea kichwa cha ile. Hilo ni pindo. Mji nauacha na umbo moja kubwa, nanasi au mwavuli. Chini naandika jina kwa herufi kubwa, kama lilivyo la leso. Rangi mbili tu, sana tatu.

Na majina hayakauki. Nyumba ya Kaderdina hapa Mombasa, wale wa alama ya "Mali ya Abdulla", wametoa majina ya leso kizazi baada ya kizazi. Kwa tegi ya zawadi mimi napenda "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri". Ni refu, kwa hivyo muhuri nachonga "Kutoa ni moyo" pekee, mwenye kujua atajimalizia.

Tahadhari: mteja mmoja wa harusi alijichagulia mwenyewe "Japo sipati tamaa sikati". Nikamwuliza, bibi, hii ndiyo ya kumpa bwana harusi? Akasema ndiyo, tena ziwe mbili. Sikuuliza zaidi.

---

Mdaiwa Sugu

Hiyo ya mwisho irudiwe taratibu 😂

---

BiMihuri

Mwana wa Mvita umenimaliza. Jana usiku nimejaribu hiyo ya pindo. Kosa nililofanya: nilianza kona moja nikazunguka, nilipofika kona ya mwisho nafasi iliyobaki ni nusu korosho. Nikarudia. Safari hii nikapiga kona nne kwanza, halafu katikati ya kila upande, halafu nikajazia. Zikibanana au kuachiana milimita moja moja jicho halioni. Ili zisiende upogo nimekata kona ya kadibodi yenye umbo la L, naigandisha kwenye kadi, muhuri unaegemea hapo. Kadi ya kijani na nyekundu kwenye manila ya rangi ya maziwa. Bado naiangalia.

---

kijana_mjini

Sina nia mbaya wakuu ila nani anatumiwa kadi ya karatasi siku hizi? Ya harusi inakuja WhatsApp, ya mchango inakuja WhatsApp, mpaka ya msiba. Hii si hobi ya wazee?

---

BiMihuri

Mdogo wangu, kwenye kadi za mchango uko sahihi, nimeacha kabisa. Mtu anataka 300, anataka kesho, na wanaopewa wanazificha wasidaiwe. Hizo waachie watu wa kompyuta.

Tegi ni habari nyingine. Zawadi haitumwi WhatsApp. Kadi ya tabaka tatu inanichukua dakika 40, nauza 5,000. Tegi zikipigwa kwa mkupuo, moja haifiki dakika mbili, nauza dazeni kwa 6,000. Weka saa mezani uone ipi inalipa. Wateja wangu wakubwa si maharusi, ni wanaouza vitu vya mkono: sabuni, asali, keki, mishumaa, batiki. Wanahitaji jina lao liningʼinie kwenye bidhaa na hawawezi kwenda kiwandani kuchapa tegi 40. Hao wanarudi kila mwezi.

---

Nyamizi

Dada samahani, mimi ni hao wa sabuni 😀 Nina dai ya duara ya sentimita 5. Nilipiga hesabu A4 itanipa tegi 20, nne kwa tano. Ninapata 15 tu. Nakosea wapi?

---

FundiBox

Hukosei. Dai yako ina ukingo nje ya makali, milimita moja na nusu au mbili kila upande. Kwa hiyo kwa karatasi wewe hukati duara la sentimita 5, unakata la 5.3 au 5.4, na kwenye upana wa 21 zinaingia tatu badala ya nne.

Lakini ukingo haukati! Kata ya kwanza, kisha ya pili isogeze mpaka ukingo wake ulale juu ya tundu la ile ya kwanza. Makali yakaribiane yasigusane. Utarudi kwenye 20, au ukikosa kabisa 18. Kwa tegi 150 umeokoa karatasi mbili, si haba.

---

Nyamizi

🙌🙌 Miezi minane nimetupa karatasi.

---

Mwalimu wa Kagera

Naona mnaogopa gharama, ngoja niwape ya bure. Darasani tunachapa kwa mboga. Kiazi kila mtu anakijua: kata katikati, futa maji yake kwa kitambaa ukisubiri dakika chache, chonga umbo, chovya rangi. Kisipofutwa rangi inateleza. Lakini mfalme ni bamia. Likate kwa upana, chovya, gonga: linakupa ua la pembe tano lenye vitundu vya mbegu, hakuna dai itakayolifikia. Chagua bamia lililokomaa kidogo, laini linapondeka. Kikonyo cha mgomba nacho kinatoa miezi miandamo iliyopangana.

Muhuri wa mboga ni wa siku moja, jioni unanuka. Ukitaka wa kudumu chonga ndala iliyokufa. Ile povu yake inachongeka kwa wembe na inashika wino vizuri kwa maumbo makubwa, herufi ndogo hapana.

Mwaka jana watoto wa la tano walitengeneza kadi za kuwaaga la saba kwa bamia na rangi ya maji. Mzazi mmoja aliniuliza shule imeagiza wapi.

---

Jakaranda

Nairobi hapa. Mmenikumbusha kadi za sakses, zile za kumtakia mtahiniwa heri. Kila mwezi wa kumi mtihani ulipokaribia, meza zilijaa barabarani, zingine ukizifungua ziliimba kwa kibetri kidogo. Nilipokuwa darasa la nane nilipata kumi na moja. Ile ninayo bado ni moja, dadangu aliichora kwa mkono kwa karatasi ya daftari. Zilizoimba zilikufa betri wiki hiyo hiyo.

BiMihuri, mihuri ya herufi ndogo unachonga pia? Mimi mkono unatetemeka.

---

BiMihuri

Hapana, herufi ndogo napeleka kwa fundi mihuri, hawa wa mihuri ya ofisi. Unampa mchoro mweusi kwenye karatasi nyeupe au faili la simu, anakutolea raba. Ila uwe na maelezo. Wa kwanza niliyemwendea alisoma "Kwa upendo mkubwa", akanitazama, akasema lete barua ya ofisi. Nikamwambia hakuna ofisi, ni kadi. Akasema mihuri bila barua hatengenezi, sheria ni sheria. Nilirudi siku ya pili na kadi tano mkononi, akaangalia, akacheka, akaniomba moja ya mke wake.

Mwambie akupe raba tupu bila mpini. Utaigandisha kwenye kipande cha mbao kutoka kwa seremala, bei inapungua karibu nusu. Na ile mihuri ya plastiki angavu inayonata kwenye kioo usiiache juani, inageuka njano na kunata vumbi.

---

Mdigo wa Pongwe

Kamba! Hamjaongea kamba. Naona watu wanafunga tegi kwa riboni ya kung'aa inayofunguka yenyewe. Tanga tuna katani, mkonge huo umekuja 1893 na bado upo, kamba yake nyembamba ikifungwa haifunguki mpaka mkasi. Na tundu la tegi likichanika, nenda kwa fundi viatu. Ana vile vipete vya shaba vya tundu la kamba za viatu, na koleo lake. Anakugongea mia moja ukiwa umekaa kwenye benchi lake unasikiliza umbea wa mtaa mzima.

---

BiMihuri

Vipete vya fundi viatu!! Miaka sita nabandika viduara vya karatasi.

---

Nalongo

Niko Kampala, Kiswahili changu mtanisamehe. Sisi tunabandika olubugo kwenye kadi, kile kitambaa cha gome la mutuba. Rangi yake ya udongo inapendeza sana na wino mweusi. Nilijaribu kukikata kwa dai nyembamba kama ya BiMihuri, nyuzi zilinasa kwenye makali, nikatoa kwa pini nusu saa. FundiBox, ile ya blade ndefu itaweza?

---

FundiBox

Itaweza, blade yetu ina kimo, nyuzi hazina pa kujificha. Ukibaki na nyembamba, gandisha karatasi nyuma ya gome kwanza, gundi ikauke kabisa, kisha kata upande wa karatasi ukitazama makali. Maumbo mapana tu, usijaribu majani ya vidole vidole.

---

Chogo wa Mbagala

Wakuu nimejaribu leo. Ufutio, kisu, kila kitu. Nimechonga HERI nikijisifu, herufi zimesimama kama za gazeti. Nimegonga, imetoka kinyume nyume, imeanza na I na R inatazama ukutani. Nimegonga kadi nne nikidhani ni wino 😭

---

Mwana wa Mvita

Pole mwanangu. Uzi umeusoma?

---

Chogo wa Mbagala

Juu juu.

---

BiMihuri

Rudi pale kwenye penseli na mgongo wa kijiko. Ukiona ufutio wako unasomeka vizuri ujue umeshakosea. Usisomeke kwenye ufutio, usomeke kwenye karatasi. Geuza upande wa pili wa ufutio uanze upya, hujapoteza kitu.

---

Chogo wa Mbagala

Nimerudia, HERI imekaa. Nimempelekea mama zote mbili, mbovu na nzima, achague. Kachukua mbovu, kaibandika mkabala na kioo cha kabati, anasema pale inasomeka vizuri tu.